Kampuni Binafsi Zinazorusha Roketi: Nani Huwajibika Kisheria?

Kurusha roketi si kazi ya serikali peke yake tena. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipelekwa anga za juu Aprili 15, 2023 kwa roketi ya kampuni binafsi ya SpaceX kutoka California, Marekani. Kadiri kampuni za aina hiyo zinavyoongezeka, mkulima wa tumbaku au mfugaji nyuki wa Goweko, Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, ana haki ya kuuliza: kipande cha roketi kikianguka shambani kwangu, nani atanilipa? Kwa mujibu wa sheria ya kimataifa, kampuni hurusha, lakini nchi ndiyo hujibu.

Msingi wa sheria

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, katika Ibara ya 6, unaitaka kila nchi mwanachama kubeba dhamana ya shughuli za anga za juu za taifa lake, ziwe zimefanywa na serikali au na taasisi binafsi. Shughuli za taasisi binafsi ni lazima zipewe idhini na zisimamiwe wakati wote.

Mkataba wa Dhima wa mwaka 1972 unafafanua fidia. Nchi inayohesabika kuwa mrushaji ni ile iliyorusha chombo, iliyogharimia au kuagiza kirushwe, au ambayo ardhi yake au mitambo yake imetumika. Madhara yakitokea juu ya uso wa dunia, au kwa ndege iliyo safarini, nchi hiyo hulipa bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe.

Mfano wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Umuhimu wa kanuni hizi ulionekana mapema jirani na Tanzania. Desemba 1975, kampuni binafsi ya OTRAG ya Ujerumani Magharibi, iliyoongozwa na mhandisi Lutz Kayser, ilitia saini mkataba na Serikali ya Zaire, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kampuni ilipewa eneo la takribani kilomita za mraba 100,000 katika Mkoa wa Shaba, magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Eneo hilo lilizidi ukubwa wa Mkoa wa Tabora, wenye takribani kilomita za mraba 76,000.

Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 17, 1977. Nyingine mbili zilifuata mwaka 1978, na ile ya Juni ilishindwa mbele ya Rais Mobutu Sese Seko. Hakuna iliyofika anga za juu. Hata hivyo, Umoja wa Kisovieti ulidai kuwa mradi huo ulikuwa wa kijeshi, na mwaka 1979 Zaire iliusitisha. Kampuni ilihamia Libya.

Funzo lake ni kwamba makubaliano kati ya kampuni na serikali moja hayatoshi. Roketi haitambui mpaka, na anayeishi upande wa pili hakuwa mezani makubaliano yalipotiwa saini.

Sheria za nchi

Kwa sababu hiyo, nchi zenye kampuni za roketi zimetunga sheria za leseni. Marekani ilipitisha sheria ya urushaji wa kibiashara mwaka 1984. Leo leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, na kampuni hutakiwa kuwa na bima au uwezo wa kifedha wa kulipa madhara kwa watu wengine. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 2018.

Kanuni ya kuomba idhini si ngeni katika ukanda huu. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara iliyopita Unyanyembe kuelekea Ujiji ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi ambao maeneo yao yalipitiwa.

Kipande kikianguka

Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takribani mita 2.5 na uzito wa takribani kilo 500 ilianguka katika Kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lililinda eneo na kuanza uchunguzi.

Mwananchi anayekuta kitu cha aina hiyo anashauriwa:

- Asikiguse wala kukisogeza, kwani mabaki ya mafuta ya roketi yanaweza kuwa sumu.
- Atoe taarifa mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji au kituo cha Polisi.
- Asikiuze kama chuma chakavu. Makubaliano ya Uokoaji ya mwaka 1968 yanaitaka nchi mwanachama kuwaarifu mrushaji na Umoja wa Mataifa, na kukirejesha kikiombwa.
- Aandike siku, saa na mahali, na ahifadhi picha za madhara kwa mazao, mizinga, mifugo au nyumba.

Kumbukumbu hizo zina uzito, kwa kuwa chini ya Mkataba wa Dhima dai hupelekwa na nchi kwa njia ya kidiplomasia, kwa kawaida ndani ya mwaka 1 tangu madhara kutokea au mrushaji kutambuliwa. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954 ilipoanguka Kanada Januari 1978, Kanada ilidai takribani dola milioni 6 za nchi hiyo, na mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni 3.