Chelezo cha Mtaa wa 26

Kila Julai 27 inapokaribia, magazeti ya Chicago huzikumbuka ghasia za mwaka 1919. Watu 38 waliuawa, weusi 23 na wazungu 15, wengine 537 wakajeruhiwa, na kama familia elfu moja zikabaki hazina pa kulala. Chanzo chake huelezwa kwa sentensi moja tu: kijana mweusi aitwaye Eugene Williams, wa miaka 17, alikuwa akiogelea Ziwa Michigan, akavuka mpaka usioonekana, akapigwa mawe na kufa maji. Kisha mwandishi hukimbilia kwenye moto na risasi.

Mimi nataka kubaki majini kidogo. Eugene na wenzake wanne walikuwa watoto waliokwenda kuogelea Jumapili ya joto kali, na habari zao tunazo kwa sababu mwaka 1969 mwanahistoria William Tuttle alimsikiliza John Harris, mmoja wao, ambaye siku ile alikuwa na miaka 14. Tuttle aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu ghasia hizo. Karibu yote ninayosimulia hapa yametoka kinywani mwa Harris, na sifichi kwamba nimevutwa upande wake.

Mazingira yenyewe yanajulikana. Kati ya 1910 na 1920 weusi wa Chicago waliongezeka kutoka 44,000 hadi 109,000, wengi wakitoka majimbo ya Kusini kutafuta kazi viwandani. Hakukuwa na sheria ya kuwatenganisha watu ufukweni. Kulikuwa na mazoea, na mazoea yale yalikuwa na meno kuliko sheria: ufukwe wa Mtaa wa 25 ulikuwa wa weusi, wa Mtaa wa 29 wa wazungu.

Harris na wenzake hawakwenda kwenye hata mmoja kati ya hizo mbili. Walikuwa na mahali pao, Mtaa wa 26, nyuma ya kiwanda cha bia cha Keeley na kiwanda cha barafu cha Consumers. Kimoja kilimwaga ziwani maji ya moto, kingine maji ya baridi, na yalipokutana ndipo wavulana walipojitosa. Wenyewe walipaita "Moto na Baridi". Chochote kilichokuwamo ndani ya maji hayo kiliwapausha ngozi hadi mtoto mweusi akatoka mweupe kwa muda, na hilo liliwachekesha. Mzazi wa leo angepiga kelele, na angekuwa na haki. Lakini hapo hapakuwa na wa kuwafukuza.

Kwa takriban miezi miwili walikuwa wakijenga chelezo. Haikuwa kazi ya watoto watano peke yao, kundi zima la mtaani lilishiriki. Kilikuwa kikubwa, kama futi 14 kwa 9, cha magogo, na kwenye gogo moja walikaza mnyororo wenye kulabu ili wapitishe kamba ya kukifungia. Chelezo ndicho kilichokuwa mwalimu wao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwogeleaji hodari. Mtoto alishika ukingo, akapiga miguu kukisukuma, akaachia, akapiga mbizi, akaibuka na kukidaka tena. Kadiri siku zilivyopita, ndivyo walivyothubutu kukaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Aliyekulia Kigamboni au kando ya ziwa kule Mwanza, akafundishwa na dumu tupu la mafuta, hahitaji maelezo zaidi.

Jumapili hiyo joto lilikuwa karibu nyuzi 35. Harris, Eugene na wenzao watatu walidandia lori la mazao lililokuwa likielekea kaskazini, wakaruka lilipopunguza mwendo kuvuka reli za tramu Mtaa wa 26. Kutoka hapo walitembea harakaharaka, maana njia ilipita kwa genge la vijana wa Kiairishi lililokuwa limewahi kuwarushia mawe. Walipofika ziwani walikifungua chelezo. Shabaha yao ilikuwa nguzo iliyosimama mbali majini. Saa nane mchana wakaondoka, wakisukuma kwa miguu, wakizama na kuibuka.

Wakati huo huo, Mtaa wa 29, weusi kadhaa walikuwa wameingia ufukweni wakidai haki ya kuogelea, na pande mbili zikaanza kurushiana mawe. Watoto wa chelezo hawakujua lolote.

Walipopita karibu na ukuta wa kuzuia mawimbi, mzungu mmoja aliyesimama juu yake alianza kuwatupia mawe. Walidhani ni mchezo. Mmoja alipiga kelele kwamba jiwe linakuja, wote wakazama, wakaibuka wakicheka. Eugene aliibuka akageuza uso kumtazama mwenzake, jiwe likampata kwenye paji la uso. Akateleza kurudi chini. Harris akapiga mbizi kumfuata, na huko chini Eugene akamshika kifundo cha mguu wa kulia. Harris aliingiwa na hofu. Akautikisa mguu hadi ukaachiliwa. Jambo hilo mtoto huyo alilibeba miaka 50 kabla ya kumwambia Tuttle.

Harris alikimbilia Mtaa wa 25 kumwita mwokoaji. Mwili ulipatikana baada ya kama nusu saa. Watoto walimwonyesha polisi mweusi mtu aliyerusha jiwe, lakini polisi mzungu wa Mtaa wa 29, Daniel Callahan, alikataa akamatwe. Umati ukakusanyika, na yaliyofuata kila mtu anayajua. Hakuna aliyefungwa kwa kifo cha Eugene.

Sasa upo ubishi. Tume iliyoundwa kuchunguza ghasia hizo ilitoa ripoti mwaka 1922, na ndani yake hamna chelezo. Kwa tume, Eugene alikuwa ameng'ang'ania taruma la reli lililokuwa likielea, akaliachia, akazama. Uchunguzi wa mwili haukukuta alama ya jiwe, ikaamuliwa kwamba alizama kwa sababu mawe yalimzuia kukaribia nchi kavu. Wapo wanaoishika ripoti kwa kuwa iliandikwa mambo yakiwa bado mabichi, na kumbukumbu ya mtu baada ya miaka 50 si ya kuapia. Ni hoja nzito. Lakini mtu anayebuni kisa hana haja ya kutaja kulabu kwenye mnyororo, wala kujisimulia akijinasua kutoka mkononi mwa rafiki anayezama.

Baada ya hapo ziwa halikufunguka upesi kwa weusi. Agosti 28, 1960, mwanamke mweusi aitwaye Velma Murphy na wenzake wapatao 30 walikwenda kukaa tu kwenye ufukwe wa Rainbow Beach, kusini mwa jiji, na wakapigwa mawe wao pia. Mwaka uliofuata walirudi tena na tena chini ya ulinzi wa polisi.

Mwaka 2009 kibao cha kumkumbuka Eugene kilibandikwa kwenye jiwe karibu na Mtaa wa 29, jiwe dogo ambalo wakimbiaji na waendesha baiskeli wengi hulipita bila kusimama. Jiji lenye sanamu za kila aina lingeweza kufanya zaidi.

Na kuhusu kuogelea kwenyewe, utafiti uliotolewa mwaka 2017 na mfuko wa chama cha kuogelea cha Marekani ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto weusi wa nchi hiyo hawajui kuogelea au wanajua kidogo tu, ilhali kwa watoto wa kizungu ni asilimia 40. Mzazi asiyejua kuogelea, watafiti wanasema, ni nadra mtoto wake kujifunza. Wapo Wamarekani wanaozisoma takwimu hizo na kudai weusi hawapendi maji tangu asili. Wale wavulana wa Mtaa wa 26 walitumia miezi miwili kuburuta magogo ili waingie ziwani.