Konzo: muhogo, panya wa maabara na kemikali inayoua neva kwa kuzichokoza

Mtu aliyekulia Kigoma hahitaji kuelezwa ugali wa muhogo ni nini. Unauona ukianikwa Ujiji, Kasulu, kila mahali, na jioni unaletwa mezani pamoja na dagaa walioshushwa Kibirizi. Bibi yangu alikuwa na sheria moja: muhogo mchungu unalala majini mpaka ulainike, ndipo uanikwe. Tukimharakisha alikuwa anatufukuza jikoni. "Nyie watoto, muhogo hauharakishwi." Nilidhani ni mambo ya ladha tu. Nilipofika chuo nikakutana na konzo, ndipo nikaelewa.

Konzo ni ugonjwa wa ajabu kidogo. Mtu analala mzima, kesho yake anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Hakuna homa wala maumivu makubwa. Akiweza kutembea, anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine hutambaa maisha yao yote. Hauendelei kuwa mbaya zaidi, lakini pia hauponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Aliyeuandika kwa mara ya kwanza kwa kina ni daktari Mwitalia, Giovanni Trolli, mwaka 1938, kutoka eneo la Kwango katika Kongo ya Wabelgiji. Jina lenyewe ni la Wayaka wa huko, na linabeba maana ya miguu iliyofungwa. Halafu dunia ikausahau. Mwaka 1981, ukame ulipoibana Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 wakapooza miguu, na wenyeji wakauita mantakassa. Mmoja wa madaktari waliokuwa huko ni Msweden Hans Rosling, yule yule ambaye baadaye alijulikana duniani kwa kuchezesha takwimu jukwaani.

Kwetu Tanzania ulifika kwenye vitabu kupitia Tarime, mwaka 1985. Ukame tena. Mahindi yakakauka, ukabaki muhogo mchungu, na tumbo halisubiri siku tatu za kuloweka. William Howlett, Brubaker, Nicholas Mlingi na Rosling waliuchunguza mlipuko huo na kuuchapisha mwaka 1990. Mlingi, aliyekuwa Taasisi ya Chakula na Lishe, alikwenda pia kusini, Masasi, ambako mwaka 1988 watu walipata sumu ya muhogo papo hapo. Huko alikuta unga unaoitwa chinyanya: muhogo unatwangwa na kuanikwa, unatwangwa tena na kuanikwa, na unaliwa upesi. Njia ya mkato, kwa kifupi. Wala usiwalaumu waliokula. Ni njaa iliyopanga ratiba.

Sasa tuingie kwenye ubongo. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo ikivunjwa hutoa sayanidi. Mwili una njia yake ya kujitetea: unachukua salfa kutoka kwenye protini na kuigeuza sayanidi kuwa thiosayaneti, inayotoka kwa mkojo. Protini ikikosekana, salfa inapungua, na sehemu ya sayanidi inaweza kuishia kuwa sayaneti, ambayo nayo ni sumu ya neva.

Lakini kwa nini hasa neva za kutembeza miguu? Hapa ndipo inaingia glutamati. Hii ndiyo kemikali kuu ambayo seli za ubongo huitumia kuamshana: seli moja inaimwaga, ya pili inaipokea kwa vipokezi vyake na kuchangamka. Ni molekuli ile ile ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga mwaka 1908 kutoka kwenye mwani, ikawa kiungo cha kukoleza mchuzi. Mwaka 1954 Takashi Hayashi aliipaka kwenye ubongo wa mbwa, mbwa wakapata degedege. Mwaka 1969 John Olney, Marekani, akawapa panya wachanga kiungo hicho hicho kwa wingi na kuona seli za ubongo zikifa. Akapendekeza jambo ambalo wengi walilishangaa: seli inaweza kuuawa kwa kuchokozwa kupita kiasi. Milango ya kipokezi ikikaa wazi, kalisi inaingia bila breki, na seli inajimaliza kwa vimeng'enya vyake yenyewe.

Kipande kilichofuata kilitoka kwenye mmea mwingine wa njaa. India na Ethiopia, wakati wa ukame, watu huishi kwa aina ya dengu, na wakizila miezi kadhaa miguu inakakamaa karibu kama kwa konzo. Katika miaka ya 1980 Peter Spencer na wenzake waliuhusisha ulemavu huo na asidi amino iliyomo kwenye dengu hizo, inayoigiza glutamati. Mwaka 1999 Spencer akaunganisha: huenda thiosayaneti nayo inavifanya vipokezi vya glutamati vya aina ya AMPA viikamate glutamati kwa nguvu zaidi. Yaani kinga ya mwili yenyewe inazaa mchokozi.

Hilo bado ni dhana, na wapo wanaoielekeza lawama kwa sayaneti. Ndiyo maana panya wa maabara wanahitajika. Mkongo Désiré Tshala-Katumbay na Mkenya Samuel Kimani, pamoja na wenzao, waliwapa panya sayanidi au sayaneti, wengine wakilishwa chakula kisicho na salfa ya kutosha. Waliopewa sayaneti ndio waliolegea miguu. Panya si binadamu, lakini huwezi kumpa mtoto wa Kwango sumu ili uthibitishe nadharia.

Ninalolifikiria mara nyingi ni ziwa letu. Ng'ambo, Kivu Kusini, konzo iliripotiwa mwaka 2011 huko Burhinyi, kwenye eneo lililochoshwa na vita: watu wanakimbia mashamba, wanavuna muhogo kabla ya wakati, wanakula bila kuloweka, na nyama au samaki hakuna. Muhogo ni ule ule. Kilichobadilika ni muda na kitoweo. Dagaa wa Kigoma wana protini yenye salfa ile ambayo ini linaitaka. Sahani ya ugali na dagaa ni maabara ndogo ya kuondoa sayanidi. Bei ya dagaa ikipanda, kinachokatwa kwanza kwenye sahani ya masikini ni dagaa, si ugali.

Kuna njia ya Howard Bradbury wa Australia inayosaidia pale unga ulipokwisha kusagwa: uulowanishe, uutandaze mwembamba, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, sayanidi itoroke hewani, kisha usonge siku hiyo hiyo. Nilimsimulia bibi. Akacheka, akaniuliza kama nimesoma miaka yote hiyo ili nije kumwambia aanike muhogo.