Ramani ya peptidi za utando wa bakteria

Ramani ya peptidi ni mbinu ya maabara ya kukata protini vipande na kuvilinganisha, ili kujua kama protini mbili zenye uzito sawa kweli ni moja. Faida yake inaonekana katika taifodi, ugonjwa ambao kliniki nyingi za Kenya, zikiwemo za mitaa ya Eastlands kama Mowlem, zimezoea kuupima kwa Widal, kipimo cha mwaka 1896. Widal husaka kingamwili dhidi ya antijeni O na H, ambazo baadhi ya Salmonella wengine pia wanazo. Basi asiye na taifodi huweza kuandikiwa dawa yake, na hilo si dogo kwa familia inayonunua dawa kwa pesa za kibarua. Ndipo watafiti wa Malaysia walipogeukia protini ya utando wa nje ya Salmonella Typhi, yenye uzito wa kilodaltoni 50, wakatengeneza kipimo cha Typhidot. Lakini uzito peke yake haumtambulishi bakteria; ndipo ramani ya peptidi inapohitajika.

Kwanza seli hupasuliwa, utando wa ndani ukayeyushwa kwa sabuni ya sarkosili, na ule wa nje ukatuamishwa kwa mashinepewa (sentrifuji) ya kasi kubwa. Protini huchemshwa na sabuni ya SDS, kisha umeme huzivuta ndani ya jeli kwa utaratibu wa mwanasayansi Laemmli wa 1970: nyepesi hutangulia, nzito hubaki nyuma, kila moja ikiacha mkanda wake. Porini, yaani protini inayounda tundu kwenye utando wa nje, isipochemshwa hubaki imeshikana tatu-tatu, na mkanda wake ukaonekana juu mno. Hata zikichemshwa vizuri, porini mbili, OmpC na OmpF, hukaribiana mno kwenye jeli. Mwaka 1977 Cleveland na wenzake, Laemmli akiwemo, walionyesha kwamba mkanda unaweza kukatwa, ukawekwa kwenye jeli ya pili pamoja na kimeng'enya cha Staphylococcus aureus kinachokata baada ya glutamati. Mpangilio tofauti wa vipande hufichua protini tofauti.

Wapo wanaosema vipande hubadilika kwa muda na kiasi cha kimeng'enya. Ni kweli, ndiyo maana sampuli hupitishwa bega kwa bega kwenye jeli moja, na kazi hurudiwa kwa kimeng'enya kingine, kama tripsini. Wengine husema kusoma jeni kumemaliza haja hiyo. Jeni huonyesha protini ambazo bakteria anaweza kutengeneza. Haionyeshi zilizopo kwenye utando wake leo. E. coli akiwekwa penye chumvi nyingi hupunguza OmpF na kuongeza OmpC, bila jeni hizo kubadilika hata herufi moja. Kwa hiyo bakteria wanaolinganishwa huoteshwa kwanza katika mchuzi wa aina moja, wenye chumvi sawa.