Lakabu ya Mtunzi Katika Mvita: Kutoka Nisba Hadi Jina la Kujichagulia

Mtu anapojichagulia jina la kujitokezea mbele ya watu wasiomjua, je, huchagua peke yake? Siku hizi swali hili huulizwa zaidi kuhusu majina ambayo vijana hujipa katika intaneti. Lakini katika kisiwa cha Mombasa ni swali kongwe, na ushahidi wake umo katika majina ya washairi.

Yafaa kwanza tupambanue istilahi tatu. Jina ni lile apewalo mtoto na wazee wake. Nisba ni neno liongezwalo kuonyesha ukoo wa mtu au mahali ulikotoka ukoo huo. Lakabu ni jina la sifa, ambalo mtu hupewa au hujipa ukubwani.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyetunga zama za utawala wa Wamazrui, anajulikana kwa jina lake, jina la babake na nisba. Lakabu haimo, wala haikuhitajika. Mashairi yalienea kwa vinywa vya watu. Hata yalipovuka bahari katika majibizano na Lamu, alikokuwako Bwana Zahidi Mngumi, waliyoyapokea walimjua mtungaji na watu wake. Ndivyo ilivyo pia kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, ambaye alimsaidia W. E. Taylor kuyahifadhi mashairi ya Muyaka. Jina lake la kwanza ni kitenzi kamili cha Kiswahili, ilhali nisba yake yamhusisha na Wabatawi wa Pate.

Nisba, hata hivyo, haikubaki kuwa kitambulisho cha heshima tu. Chini ya utawala wa Waingereza ilipata uzito wa kisheria. Katika miaka ya 1920 Thenashara Taifa, yaani Mataifa Matatu (Wakilindini, Watangana na Wachangamwe) pamoja na Mataifa Tisa, walijikuta katika mabishano makali: je, wahesabiwe pamoja na Waarabu au pamoja na wale walioitwa wenyeji? Jawabu liligusa kodi na haki ya kupiga kura. Neno lililokuwa likimtambulisha mtu kwa jirani yake likawa sasa ni hoja ya kumpandisha au kumshusha ofisini.

Tukilikumbuka hilo, ndipo tutakapoona uzito wa badiliko lililokuja baadaye. Mwaka 1966, Lyndon Harries alipochapisha Marekani tungo za Ahmad Nassir bin Juma Bhalo, mtunzi alitajwa kwa nasaba yake. Mwaka 1971 diwani yake iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin ilitoka kwa anwani ya Malenga wa Mvita. Lakabu hii ina nguzo mbili: ufundi wa mtu, na jina la kale la mji. Haiulizi babu yako alitoka wapi, bali sauti yako ni ya wapi. Wala haikuifuta nasaba, kwani diwani hiyohiyo yaitwa pia ya Ustadh Bhalo. Kigezo hicho kikaigwa: Mwinyihatibu Mohamed akatokea kuwa Malenga wa Mrima, na Wallah bin Wallah, kutoka bara, Malenga wa Ziwa Kuu.

Huenda mtu akadai kwamba jina la intaneti ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa halina mzee wala mhariri wa kuliidhinisha. Dai hili lina ukweli nusu. Mtambo nao una sharti lake: aghalabu haukubali watu wawili wawe na jina moja. Mwenye kukuta jina lake limekwisha kuchukuliwa huongeza tarakimu, au mwaka wa kuzaliwa, au mtaa. Kijana wa Mji wa Kale akiongeza Kibokoni au Kuze mwishoni mwa jina lake, amerejea kwenye kazi ileile ya nisba, kuwapambanua wenye majina yanayofanana. Ila sasa nisba ameichagua mwenyewe.

Basi hiari ipo, lakini ina mipaka. Jina la kujichagulia hudumu pale hadhira inapolikubali na kulitumia. Hivyo wanaisimu wetu wasiyapuuze majina haya kwa kuyaona mchezo wa vijana. Yakusanywe na kuchambuliwa kama tulivyochambua majina ya watunzi, kwa maana ndani yake Mswahili angali akijibu swali aliloulizwa kwa nguvu katika miaka ya 1920: wewe ni wa wapi? Tofauti ni kwamba leo hajibu mbele ya karani.