Mimea ya Safari ya Speke na Grant



Maji tuyatazamayo kila siku hapa Nassa yanaitwa Ghuba ya Speke, kwa jina la Mwingereza John Hanning Speke aliyefika Mwanza mwaka 1858. Leo tungependa kumkumbuka mwenzake wa safari iliyofuata, James Augustus Grant, Mskoti aliyependa mimea.

Wawili hao waliondoka Zanzibar mwaka 1860, wakapita Unyamwezi hadi Karagwe. Huko Grant alizuiwa kwa miezi kadhaa na ugonjwa wa mguu, akakaa kwa mfalme Rumanika wakati Speke akitangulia Buganda mwaka 1862. Ingawa mkono wake wa kulia ulikuwa umejeruhiwa vitani India mwaka 1857, Grant alichora watu, mandhari na mimea, na kila alipopita alikusanya majani na maua, akayabana katikati ya karatasi yakauke.

Mimea hiyo ilifika bustani ya Kew, Uingereza, ikachunguzwa na Daniel Oliver na wenzake. Kati ya mwaka 1872 na 1875 Chama cha Linnaeus cha London kilichapisha kazi hiyo pamoja na michoro 136. Mchoro wa namna hiyo huonyesha jani, ua lililopasuliwa na mbegu, ili mtaalamu wa nchi yoyote autambue mmea asioupata kuuona ukiwa hai. Grant aliongeza maelezo ya mahali mmea ulipopatikana na matumizi yake kwa wenyeji.

Maelezo hayo aliyapata kwa nani? Wenyeji ndio walioijua mimea ile. Wapagazi wa Kinyamwezi na Waungwana wa Zanzibar walibeba mizigo ya safari. Sidi Mubarak Bombay, aliyepata kuwa mtumwa, aliwaongoza na kuwa mkalimani. Jina lake linajulikana, lakini wengi wa wenzake wamesahauliwa. Mimea kadhaa ina jina la Grant katika Kilatini, na ghuba yetu ina jina la Speke. Waliowaonyesha njia na dawa hawakuachiwa hata jani moja.

Hatusemi haya ili kumlaumu Grant, kwani bila bidii yake tungekuwa na kumbukumbu chache zaidi. Twasema kwa sababu hatari ile ile ingalipo. Vijana wetu wangapi watautambua ng'wandu, yaani mbuyu, au nshishi, yaani mkwaju, na wakashindwa kuutaja mti wa tatu kwa Kisukuma?

Basi twawaomba wazazi na walimu: mpeni mtoto daftari na penseli, aende kwa bibi au babu. Achore jani, ua, na mdudu alaye jani hilo. Aandike jina la Kisukuma, matumizi, mahali na tarehe. Na chini kabisa, pasipoandikwa kitu katika vitabu vya kale, aandike jina la mzee aliyemfundisha.