Saa za Mazoezi ni za Nani?

Mwongozaji wa kikundi cha mtaani hupanga ratiba kinyumenyume. Onesho ni Jumamosi fulani. Siku mbili kabla yake, mazoezi ya mwisho yenye maleba na taa. Wiki tatu kabla ya hapo, kila mtu awe amekariri maneno yake. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Tatizo ni kwamba mhusika mkuu ni muuguzi wa zamu, mwenzake hafungi genge kabla ya saa tatu usiku, na anayeigiza mzee wa baraza amefiwa, yuko matangani. Mwigizaji wa kulipwa ameshauza muda wake. Huyu wa kujitolea anauiba kwenye riziki. Ndiyo maana ratiba yake naipima kwa jambo moja: inafanya nini mtu asipofika?

Oberammergau, kijiji cha Bavaria nchini Ujerumani, kina jibu la wenye watu wengi. Wakati wa tauni, mwaka 1633, wakazi waliweka nadhiri ya kuigiza mateso ya Yesu, na mwaka uliofuata wakaitimiza. Siku hizi mchezo huja kila baada ya miaka 10, ingawa korona iliusogeza ule wa 2020 hadi 2022. Haki ya kuigiza ni ya mzaliwa wa hapo au aliyeishi hapo miaka 20. Jumatano ya Majivu ya mwaka unaotangulia, agizo hutoka: nywele na ndevu zisikatwe tena. (Wanaoigiza Warumi husamehewa.) Mazoezi hufanyika jioni, watu wakitoka kazini, majira yote ya baridi. Nafasi kubwa kila moja ina waigizaji wawili wanaopokezana, hivyo homa ya mmoja haisimamishi kitu. Utaratibu huu ni mzuri, lakini unadai washiriki wapatao 2,000 na kijiji kinachofaidika na mchezo wenyewe. Mwenye waigizaji 11 hawezi kuuiga.

Kurokawa, kaskazini mwa Japani katika mkoa wa Yamagata, wakulima wamecheza noh, mchezo wa kuigiza wa jadi wa Kijapani, kwa takriban miaka 500. Kijiji kimegawanyika pande mbili, Kamiza na Shimoza, na kila upande una wachezaji wake. Onesho kuu huanza usiku wa tarehe 1 Februari na kukesha hadi asubuhi, wakati theluji imelala mashambani na jembe limepumzika. Kalenda ya kilimo imeshakata shauri. Tena maarifa hupokezwa ndani ya familia, mtoto akianza mapema kufuata hatua za wakubwa, kwa hiyo wiki za mwisho ni za kukumbushana tu.

Hapa kwetu hatuna urithi wa namna hiyo kwa tamthilia mpya iliyoandikwa jana. Ndiyo sababu Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru nchini Kenya, inanivutia kuliko hizo mbili. Mwaka 1977 wafanyakazi wa mashamba na viwanda, pamoja na wakulima wadogo, waliandaa Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Kimani Gecau akiongoza. Mazoezi yalikuwa mwishoni mwa juma, mchana, ili siku za kazi zisiguswe, na yalifanyika hadharani. Aliyepita alisimama, akatazama, akakosoa. Bibi mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyewaelekeza gĩtiiro, ngoma ya mambo ya ndoa, neno kwa neno na hatua kwa hatua.

Sidhani kama wengi wametambua faida ya kiratiba iliyomo humo. Mazoezi yakiwa ya wazi, maneno hayabaki kwa mwigizaji peke yake, yanasambaa kijijini. Asiyefika leo ameacha nyuma majirani waliokwisha kusikia sehemu yake. Hasara ni kwamba kila mkosoaji anataka onesho lake, na saa mbili zilizotengwa huweza kwisha kwenye tukio moja. Mwongozaji asiyeweza kusema "basi, tuendelee" asijaribu njia hii.

Ngaahika Ndeenda ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali. Mwaka 1982 kundi hilohilo la Kamĩrĩĩthũ liliandaa Maitũ Njugĩra, likafungiwa milango ya Jumba la Maonesho la Taifa, likahamia Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na "mazoezi" tu. Maelfu walifika kuyatazama kabla hayajapigwa marufuku nayo. Kwa umma wa wakati huo, hayo mazoezi ndiyo onesho pekee la mchezo huo lililopata kuonekana.

Kwa muuguzi wetu, basi, ningeomba kwanza karatasi ya zamu zake, nipange matukio yake kwenye siku zake za mapumziko, kisha nihamishie mazoezi uani kwa mwenye genge, mlango ukiwa wazi.