Mchungaji na Lugha ya Kundi: Kumbukumbu ya Utumishi wa Emil Sywulka huko Nassa



Neno mchungaji limezoeleka kanisani kiasi kwamba twasahau lilikotoka. Katika nchi ya wafugaji kama Usukuma, mtu huitwa hivyo kwanza kwa sababu ya ng'ombe. Aidha, kitenzi chunga kina maana nyingine: kuchekecha unga ili wishwa utengwe. Maana hizo mbili hukutana katika utumishi wa mchungaji anayetafsiri. Yeye hutunza watu, na wakati huohuo hupepeta maneno. Katika mhadhara huu nakusudia kumkumbuka mmoja wa watu hao, Emil Sywulka, pamoja na watu waliomfundisha kusema.

Kituo cha Nassa kipo karibu na Ghuba ya Speke, katika Ziwa Victoria. Leo ni sehemu ya Wilaya ya Busega, mojawapo ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya Bariadi kuwa makao yake makuu. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walifika hapo karne ya 19 ikielekea ukingoni, na kabla ya mwaka 1900 sehemu za Injili zilikwisha kuchapishwa kwa Kisukuma. Mwaka 1909 kituo kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na Sywulka, mmisionari wa shirika hilo kutoka Marekani, ndiye aliyeipokea kazi hiyo. Kutokana na mbegu iliyopandwa hapo lilikua kanisa tunalolifahamu leo kwa jina la Africa Inland Church Tanzania.

Kazi iliyolibakiza jina lake ni tafsiri. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka 1925, na Biblia nzima ikakamilika mwaka 1960. Mtu asiyeijua lugha hiyo anaweza kudhani kwamba ilikuwa kazi ya kubadilisha neno kwa neno. La hasha. Kisukuma kina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kilatini ina herufi tano tu za irabu. Toni nayo hubeba maana. Zaidi ya hayo, zipo nazali zisizo na ghuna, ambazo sikio la mgeni huzikosa kwa urahisi. Twaziandika kwa mh na nh, kama katika neno mhola.

Neno hilo latosha kutuonesha uzito wa jambo. Msukuma akikusalimu asubuhi husema "Mwangaluka", kisha hali huulizwa na kujibiwa kwa mhola: salama, shwari, amani. Mhubiri anayetaka kunena juu ya amani hulikuta neno likiwa tayari vinywani mwa watu, limelowa umande wa kila asubuhi. Lakini jina la Mungu halikuwa jepesi hivyo. Wasukuma walikuwa na Liwelelo, walikuwa na Seba, walikuwa na Mulungu, na kila jina lilikuja na historia yake ya ibada. Kuchagua moja kulikuwa ni kuamua ni sehemu gani ya imani ya wazee ingevuka kizingiti cha kanisa.

Palikuwa pia na suala la lahaja. Wanaisimu hutaja Kimunasukuma upande wa magharibi, Ginantuzu upande wa Bariadi, na Jinakiiya kusini-mashariki. Tazameni viambishi: ki-, gi-, ji-. Tofauti ya konsonanti moja humtambulisha msemaji kabla hajamaliza neno. Kwa bahati njema wasemaji hao huelewana bila taabu. Hata hivyo, kitabu kimoja hakina budi kuchagua mwandiko mmoja, na kila uchaguzi huwafanya wengine wasome lugha ya jirani yao.

Hapa ndipo historia yetu inapodai haki. Hakuna mgeni awezaye kuyapima mambo hayo peke yake. Ni lazima pawepo mtu aliyesema, "Hivyo hatusemi." Alikuwepo aliyerudia neno mara ya tatu na ya nne, aliyecheka toni ilipokosewa, aliyejua tofauti baina ya neno la barazani na neno la kilioni. Mchungaji wa Nassa alilazimika kuwa mwanafunzi wa kundi lake kabla ya kuwa mwalimu wake. Utumishi wake haupungui tukisema hivyo. Bali ndipo unapoeleweka. Walakini, tunapoitaja tafsiri ya mwaka 1925, jina la mmisionari hutujia upesi, na walimu wake Wasukuma hutajwa kwa nadra.

Taaluma yetu imezoea kasoro hiyo. Kanuni ya kifonolojia inayoeleza kwa nini Kisukuma husema idatu pale Kiswahili kinaposema tatu huitwa Kanuni ya Dahl, kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari wa Moravian aliyefanya kazi Unyamwezi. Wanafunzi wetu hulikariri jina lake. Wanyamwezi waliomtamkia maneno hayo, ni nani awakaririye?

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, watoto wa Simiyu wamejifunza kusoma kwa Kiswahili. Hilo ni jema, na mimi niliyekitumikia Kiswahili sitalilaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba msomaji wa Biblia ya Kisukuma aghalabu ni mtu wa makamo au mzee, aliyeufahamu mwandiko huo kanisani.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wanaotoka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega: waendeeni wazee wa makanisa wangali hai. Ulizeni nani alimfundisha nani, na neno lipi lilibishaniwa. Daftari za ubatizo na barua zilizohifadhiwa majumbani ni nyaraka za isimu sawasawa na kamusi. Kumkumbuka mchungaji kwa haki ni kuwakumbuka pia wale waliompa maneno ya kuchungia.